Nilipanda Mei, vikafa Juni: mboga Houston zipandwe lini hasa?

*"Mtaalamu, pokea salamu. Nimetoka Limuru, Kenya, na huu ni mwaka wangu wa pili Houston, Texas. Mwaka jana nilipanda sukuma wiki, kabichi, karoti na nyanya mwezi wa Mei, baridi ikiwa imeisha kama pakiti za mbegu zilivyoelekeza. Kufikia mwisho wa Juni sukuma ilikuwa chungu na imejaa wadudu, kabichi haikufunga, karoti ziliota chache sana, na nyanya zilitoa maua mengi yakapukutika yote. Nilipozing'oa nikakuta mizizi ina vinundu. Jirani mmoja ananiambia nipande wakati wa vuli. Mwingine anasema ni kazi bure, jalidi, ile baridi ya kugandisha, itaua kila kitu. Nina vitanda viwili vya futi 4 kwa 8 kando ya uzio wa kusini, na udongo wangu ni mweusi, ukikauka unapasuka. Nianze lini, nipande nini, na je, nichanganye mchanga?"*

Dada yangu, mazao uliyochagua yanafaa kabisa kwa Houston. Kilichokuangusha ni tarehe. Pakiti nyingi za mbegu zinazouzwa Marekani zimeandikwa kwa kufikiria majimbo ambako adui wa bustani ni baridi: subiri jalidi iishe, panda, vuna kabla haijarudi. Houston mambo ni kinyume. Jalidi ya mwisho kwa kawaida huisha Februari au mapema Machi, na kinachoua mboga ni joto la Juni hadi Septemba. Aliyepanda Mei amebakisha wiki chache tu kabla ya joto lenyewe.

Ulichokiona shambani kina sababu yake. Chavua ya nyanya huharibika mchana ukipita nyuzi 33 hivi za Selsiasi, na hasa usiku ukikataa kushuka chini ya nyuzi 24. Ua linachanua, halichavushwi, mmea unaliangusha. Usiku wa Houston mara nyingi hubaki karibu na kiwango hicho au juu yake kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba, kwa hiyo mbolea na maji ya ziada visingekusaidia. Kabichi nayo hufunga vizuri kukiwa na ubaridi wa wastani, na sukuma ikipata joto na kiu hukomaa haraka, inakuwa ngumu na chungu.

Sasa tazama upande wa pili wa mwaka. Novemba ya Houston mchana ni nyuzi 22 hivi, usiku 12 hivi. Hiyo ndiyo hali ya hewa uliyokulia! Msimu wako wa Limuru upo huko Houston, ila unakaa kati ya Oktoba na Machi. Jirani wa kwanza amesema kweli. Wa pili ana hoja nusu: jalidi huja, kwa wastani kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Desemba, nayo itaua nyanya, maharage na mchicha. Sukuma, karoti, bitiruti, vitunguu na spinachi haviuliwi na jalidi ya kawaida ya Houston.

Kwa hiyo usiifikirie vuli kama msimu mmoja. Kuna kundi la mazao ya joto ambayo lazima yamalize kabla ya jalidi, na kuna kundi la mazao ya ubaridi ambayo lazima yasubiri udongo upoe. La kwanza linaanza jua likiwa bado linachoma, Julai na Agosti. La pili linaingia shambani kuanzia katikati ya Septemba. Wengi hukosea kwa kuyapanda yote siku moja ya Oktoba: nyanya inakuwa imechelewa, ilhali sukuma ingeweza kuwa na wiki kadhaa mbele.

Kundi la kwanza hupangwa kwa kuhesabu kurudi nyuma. Chukua Desemba 5 kama siku yako ya jalidi. Maharage machanga, yale ya kula na maganda, huchukua siku 55 kufika mavuno ya kwanza. Ongeza wiki tatu za kuvuna, na wiki mbili nyingine kwa sababu siku zinafupika na mmea unakwenda polepole kuliko pakiti inavyosema. Jumla ni siku 90, yaani mbegu ziingie ardhini kabla ya Septemba 6. Nyanya ya siku 70 tangu kuhamishwa, ukiongeza wiki mbili za mwendo wa polepole na wiki nne za kuvuna, inafika siku 112: miche iwe shambani ifikapo Agosti 15. Ukisia mwenyewe, ziingie kwenye trei mwanzoni mwa Julai.

Chagua nyanya zinazokomaa mapema, kama Celebrity, au zenye matunda madogo. Zile kubwa za siku 85 na zaidi ziache kwa ajili ya Machi. Hamisha miche jioni, izamishe hadi shina la chini lifunikwe, tandaza majani makavu au nyasi unene wa sentimita 7, kisha simika neti ya kivuli cha asilimia 30 au 40 juu yake kwa wiki mbili au tatu. Maua ya kwanza yatapukutika tena. Yaache yapukutike, usibadilishe kitu. Mwishoni mwa Septemba usiku ukianza kupoa yatashika, na matunda utayapata Novemba. Usiku wa jalidi ukitangazwa, vuna yote yaliyokwisha kunenepa hata kama ni ya kijani. Yale yaliyoanza kupauka kwenye kitako yataivia ndani ya nyumba.

Mchicha, kunde za majani na matembele havina tatizo na joto la Houston, vinalipenda. Hizo ndizo mboga zako za kiangazi, wakati sukuma haiwezekani. Mchicha wa mwisho upande mwanzoni mwa Septemba, utauvuna baada ya wiki nne hivi.

Kundi la pili ndilo lenye utajiri, na linaanzia kwenye trei mwishoni mwa Julai hadi katikati ya Agosti. Sukuma utaipata madukani kwa jina la collards. Georgia na Vates ni aina za zamani zinazoaminika. Sia mbegu kina cha sentimita moja kwenye mchanganyiko wa trei, si udongo wa uani, ukiweka trei mahali penye jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa sita mchana. Zitachipua baada ya siku nne au tano. Wiki ya tano, mche ukiwa na majani manne au matano kamili, uko tayari. Kabla ya kuuhamisha uache nje juani muda mrefu zaidi kila siku kwa juma zima, la sivyo majani yatababuka siku ya kwanza tu.

Sukuma inaweza kuingia shambani katikati ya Septemba. Brokoli na kabichi zisubiri mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba, maana brokoli inayounda kichwa kwenye joto hutoa kichwa kidogo kilicholegea, majani yakichomoza katikati yake. Achia sentimita 45 kila upande. Kitanda chako kimoja kitabeba mistari mitatu ya miche mitano, jumla 15. Najua inaonekana michache ukiiangalia siku ya kwanza. Ukibananisha 30, hewa haitapita kati ya majani, na kwenye unyevu wa Houston ukungu utakuja wenyewe.

Karoti ziliota chache kwa sababu uso wa udongo ulikuwa unakauka kila adhuhuri. Mbegu ya karoti huchukua wiki mbili, wakati mwingine tatu, kuchipua. Ikishaanza kuvimba kisha ikauka mara moja, imekufa. Panda kuanzia mwisho wa Septemba, kina kisichozidi sentimita moja, mwagilia kwa manyunyu madogo, kisha laza gunia au ubao juu ya mstari. Kuanzia siku ya sita funua kila asubuhi uangalie. Ukiona nyuzi za kijani za kwanza, ondoa kabisa siku hiyo hiyo. Zikifika urefu wa kidole, punguzia zibaki sentimita 5 kati ya mmoja na mwingine, na usione huruma. Kwa udongo wako chagua aina fupi kama Danvers au Chantenay.

Saladi na spinachi zina tabia ya kulala. Mbegu ya saladi ikikuta udongo wenye nyuzi 30 hujifunga isichipue hata ukiimwagilia mwezi mzima, na spinachi haina tofauti kubwa. Zipandwe kuanzia mwisho wa Oktoba. Dania pia ni ya Oktoba. Ile ya Mei hukimbilia maua kabla hujachuma mara mbili.

Kwa vitunguu, tahadhari moja itakuokolea mwaka mzima. Kitunguu huanza kujaza kichwa kikipata urefu fulani wa mchana, na kila aina ina kiwango chake. Houston unahitaji aina za siku fupi, zinazojaza mchana ukiwa na urefu wa saa 10 hadi 12. Mbegu za siku ndefu, zinazouzwa pia mtandaoni na hata madukani, zitakupa majani tu. Kitunguu kitamu cha Texas kiitwacho 1015, kilichozalishwa Chuo Kikuu cha Texas A&M, kilipewa jina kutokana na tarehe inayopendekezwa kusia mbegu zake: mwezi wa 10, tarehe 15. Anzia hapo kwa mbegu, au nunua miche Desemba. Mche uwe mwembamba kuliko penseli. Ulionenepa ukipigwa na baridi huona umemaliza mwaka wake, na masika unatoa ua badala ya kichwa.

Sasa tuje kwenye udongo. Usiweke mchanga. Chembe ndogo za mfinyanzi hujaa kati ya punje za mchanga, na usipoweka mchanga mwingi kupita kiasi, zaidi ya nusu ya ujazo, unapata kitu kigumu kama tofali. Udongo wako ni wa jamii moja na ule mweusi wa mbuga za Athi na Mwea: una rutuba, ila huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na mizizi hukosa hewa. Kinachoufungua ni mboji. Houston hupata mvua ya milimita 1,200 na zaidi kwa mwaka, na msimu wa vimbunga unaendelea hadi Novemba 30, kwa hiyo inua vitanda vyako inchi 10 hadi 12 juu ya ardhi. Kukijaza kitanda kimoja hadi inchi 12 kunataka futi za ujazo 32 za mchanganyiko wa udongo na mboji. Kila msimu baada ya hapo inchi 2 za mboji zinatosha, ambazo ni mifuko sita ya futi moja ya ujazo.

Jambo jingine ambalo mtu wa Limuru hulifanya kwa mazoea: kutia majivu ya jikoni. Udongo wa kwenu wa mashamba ya chai ni wenye asidi na majivu huusaidia. Udongo wa Houston mara nyingi tayari uko upande wa magadi, na maji ya bomba huusukuma zaidi. Ukiongeza majivu au chokaa, madini ya chuma yaliyomo hayataweza kufyonzwa, majani mapya yatageuka njano huku mishipa ikibaki kijani, nawe utadhani mmea una njaa ya mbolea. Mbolea yenyewe usikisie. Bustani iliyolishwa mboji na samadi miaka kadhaa huwa na fosforasi tele. Kinachopungua haraka ni naitrojeni. Salfeti ya amonia, ile ya 21-0-0, gramu 100 kwa kitanda kizima wiki ya tatu baada ya kuhamisha miche, kisha tena wiki tatu baadaye, huitosha sukuma. Inyunyize mbali kidogo na mashina, ifukie juu juu, mwagilia.

Vinundu kwenye mizizi ya nyanya ni kazi ya minyoo fundo, minyoo wadogo sana wa udongoni. Kwenye maharage na kunde vinundu vidogo vinavyopukutika ukivisugua kwa kidole ni vyema, vina bakteria wanaotengeneza naitrojeni. Vya nyanya ni uvimbe wa mzizi wenyewe, havipukutiki. Hakuna dawa ya dukani ya bustani ya nyumbani inayowamaliza, lakini unaweza kuwapunguza. Kitanda kilichokuwa na nyanya kisafishe katikati ya Julai, kimwagilie kilowe hadi kina cha futi moja, kifunike kwa nailoni angavu (isiwe nyeusi), fukia kingo zote, na ukiache wiki sita. Jua litaupika udongo wa juu. Minyoo walio chini zaidi watabaki na kupanda baadaye, ndiyo sababu kitanda hicho kipokee sukuma, kabichi na vitunguu: udongo ukishuka chini ya nyuzi 18 minyoo hao karibu hawafanyi kazi. Nyanya za Agosti ziende kitanda cha pili, na lebo iwe na herufi N, yaani aina yenye ukinzani. Ukinzani huo hulegea udongo ukipita nyuzi 28, kwa hiyo matandazo niliyoyataja si ya kuhifadhi maji tu.

Na huo uzio wa kusini. Nakuomba upime kabla ya kuinua kitanda chochote. Limuru, karibu na ikweta, jua la saa sita halishuki sana mwaka mzima. Houston, mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri hufika nyuzi 37 tu juu ya upeo, na uzio wa futi 6 hutupa kivuli cha futi 8 kuelekea kaskazini. Mwezi Juni kivuli hicho hicho hakifiki futi moja, kwa hiyo mahali panapoonekana pana jua tele unapopanga bustani Julai panaweza kukaa gizani Desemba nzima. Kama vitanda viko ndani ya hizo futi 8, visogeze. Kama haiwezekani, upande wa kivuli weka saladi na spinachi, na usitegemee brokoli hapo.

Maji: inchi moja kwa wiki, mvua ikijumuishwa, ni galoni 20 kwa kitanda kimoja. Agosti na Septemba hesabu mara mbili, ukigawa siku tatu au nne. Mwagilia asubuhi, chini ya majani. Mfinyanzi hudanganya: juu umepasuka, chini umelowa. Chomeka kidole hadi fundo la pili kabla ya kufungua bomba.

Wadudu wa vuli ni wengi mwanzoni, wanapungua kadiri ubaridi unavyoingia. Viwavi ndio watakaokula miche yako ya Septemba. Geuza majani kila siku mbili. Mayai na viwavi wadogo hukaa upande wa chini, kando ya mshipa wa kati. Dawa ya bakteria iitwayo Bt, aina ya kurstaki, inawaua viwavi peke yao, ila wapulizie jioni kwa sababu jua huiharibu, na urudie baada ya mvua. Haifanyi lolote kwa vidukari na inzi weupe. Hao waondoe kwa maji ya nguvu, kisha sabuni ya kuulia wadudu. Neti nyepesi ya kuzuia wadudu, ikiwekwa siku ile ile ya kuhamisha miche, huokoa kazi yote hii. Sota, anayekata mche usiku chini kabisa, mzuie kwa kipande cha kikombe cha karatasi kilichozungushwa shinani, nusu yake ikiwa ardhini.

Usiku wa jalidi mwagilia udongo mchana wake, kwa sababu udongo mbichi hushika joto zaidi, kisha funika kwa kitambaa kinachofika ardhini. Nailoni ikigusa jani huliunguza kwa baridi. Asubuhi funua. Sukuma huvumilia hadi nyuzi 6 hivi chini ya sifuri, na huwa tamu zaidi baada ya baridi kwa kuwa mmea hugeuza wanga kuwa sukari ili utomvu usigande. Lakini Februari 2021 Houston ilishuka hadi kama nyuzi 10 chini ya sifuri. Ikitangazwa baridi ya namna hiyo, vuna kila unachoweza na uweke kwenye friji.

Mambo mengine yanataka mtu ayaone kwa macho. Kama nyumba yako ni ya kabla ya 1978, rangi za zamani huenda ziliacha madini ya risasi (lead) kwenye udongo wa karibu na kuta. Pima kabla ya kulisha watoto mboga za hapo. Maabara ya udongo ya Texas A&M AgriLife iliyoko College Station hupokea sampuli kwa posta, ila kipimo cha risasi kiulizie mahsusi, hakimo kwenye kile cha kawaida. Samadi au nyasi kavu uliyopewa ikisababisha majani ya maharage kujikunja kama kikombe, acha kuitumia, huenda ina mabaki ya dawa ya magugu. Na tafadhali usichume managu ya kando ya barabara huko. Texas kuna mmea wa jamii hiyo wenye majani ya rangi ya fedha, maua ya zambarau na matunda ya njano, nao ni sumu. Akiula mtu, piga 1-800-222-1222 mara moja, saa yoyote.

Kwa majani yaliyojikunja, mizizi yenye vinundu au mche unaonyauka bila sababu, nenda ofisi ya ugani ya kaunti ya Harris, ambako wakulima wa bustani waliopata mafunzo hujibu maswali bure. Chukua mmea mzima pamoja na mizizi na udongo wake, utie kwenye mfuko wa plastiki bila kuongeza maji, na uufikishe siku hiyo hiyo. Jani moja lililokauka halitamwambia mtu chochote.